Waliosikiliza Mguu wa Mende

Kati ya tarehe 26 na 28 Januari 2019, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua 147,230 viligawiwa kwa kaya 39,307. Siku tatu tu. Aliyepokea alikwenda nacho nyumbani, akakianika kivulini, akakifunga juu ya kitanda, akachomeka pindo chini ya godoro, akalala. Chandarua ni chandarua. Kumbe vilikuwa vya aina nne, na wilaya ilikuwa imekatwa maeneo 84. Kila aina ilipelekwa kwenye maeneo 21 kwa kura, na mwenye nyumba hakujua ameangukiwa na ipi. Utafiti huo, ulioongozwa na Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mwanza, pamoja na wenzake wa Moshi, London na Ottawa, ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa ushauri mpya kuhusu vyandarua, na matokeo ya Misungwi yalikuwa miongoni mwa nguzo za ushauri huo.

Ukimtajia mtu Misungwi leo atakutajia daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililozinduliwa Juni 2025 na kuwaondolea watu adha ya kusubiri kivuko. Daraja linaonekana. Ninachotaka kusifu hapa hakionekani, na sidhani kama kuna aliyekitaja kwenye mikutano ya vijiji siku zile za kugawa vyandarua. Nausifu ufundi wa kusikiliza neva: kuchukua seli moja hai, nyembamba kuliko unywele, kuigusa bila kuiua, na kuusoma umeme inaoutoa. Dawa ya kawaida inayopakwa kwenye nyuzi za chandarua inafanya kazi kwenye umeme huo. Na mbu wanapokuwa sugu, mojawapo ya njia zao ni kuurekebisha umeme wao. Mtu asiyejua habari za umeme wa neva anaweza kugawa vyandarua vizuri sana, ila siku vikigoma hatajua pa kuanzia.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe. Seli ya neva ni mfuko wa maji ya chumvi uliozama ndani ya maji ya chumvi. Ndani kumejaa potasiamu, nje kumejaa sodiamu, na kinachotenganisha ni utando wa mafuta wenye unene wa takriban nanomita 5. Ungepanga tando kama hizo 200,000 moja juu ya nyingine ndipo upate milimita moja. Ndani ya seli kuna chaji hasi kuliko nje, kwa kiasi cha milivolti 70 hivi. Ni kidogo mno, maana betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Lakini gawanya volti hizo kwa unene wa huo utando, utapata zaidi ya volti milioni 10 kwa mita, msukumo mkubwa kuliko ule unaopasua hewa radi ikapiga. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria, tunaoamshwa na ngurumo karibu kila usiku wa masika, tumebeba msukumo huo vichwani mwetu na wala hatuuhisi.

Kwenye utando huo kuna protini zilizotoboka katikati. Wataalamu huziita milango. Mlango wa sodiamu hufunguka pale volti ya karibu yake inapobadilika kidogo. Sodiamu huingia kwa kishindo, hadi ayoni milioni kumi kwa sekunde kupitia mlango mmoja, na volti ya ndani hupanda ghafla kutoka hasi 70 hadi chanya 40 hivi. Kabla ya milisekunde moja kuisha mlango hujifunga wenyewe, milango ya potasiamu hufunguka, na hali hurudi kama mwanzo. Mpigo huo mmoja huamsha milango ya jirani, nayo huamsha ya mbele yake. Neva si waya, na hakuna chembe ya umeme inayosafiri kutoka kidoleni hadi ubongoni. Ni kama moto wa nyika wa mwezi wa nane: kila nyasi huwashwa na ya nyuma yake, na moto haurudi ulikotoka kwa sababu huko kumebaki majivu. Tofauti ni kwamba nyika ya neva huota upya ndani ya milisekunde chache, tayari kuungua tena.

Haya nimeyaandika kwa aya mbili. Kuyajua kulichukua zaidi ya miaka 150 ya kazi ya mikono, na ni hiyo kazi ya mikono ninayoisifu kuliko hata matokeo yake.

Luigi Galvani wa Bologna alichapisha mwaka 1791 habari za mapaja ya chura yanayoruka yakiguswa na umeme. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz akapima kasi ya mpigo kwenye neva ya chura, akapata mita kama 30 kwa sekunde, jambo ambalo mwalimu wake mwenyewe aliamini halipimiki. Hao nawapita haraka. Ninaotaka kukaa nao kidogo ni vijana wawili wa Cambridge walioshuka pwani ya Plymouth, kusini mwa Uingereza, kiangazi cha 1939: Alan Hodgkin, miaka 25, na Andrew Huxley, miaka 21. Walifuata ngisi. Ngisi ana neva moja nene ajabu, inaweza kukaribia unene wa milimita moja, anayoitumia kujirusha nyuma akishtuka. Mtafiti J. Z. Young alikuwa ameitambua miaka michache tu kabla, na ghafla ikapatikana seli ambayo mtu anaweza kuingiza kitu ndani yake.

Jaribio lao la kwanza halikuwa la umeme hata kidogo. Waliitundika neva wima, wakadondosha matone ya zebaki ndani yake ili waone yanazama kwa kasi gani, wajue majimaji ya ndani ni mazito kiasi gani. Matone hayakuzama. Ndani ya neva si maji, ni kitu cha kugandagana. Mwingine angefunga virago. Wao waliona kwamba neva iliyotundikwa wima, ikiwa na kibomba kilichokwishaingia mdomoni mwake, ndiyo hasa inayofaa kuingiziwa elektrodi. Wakatengeneza kibomba cha kioo chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, wakakishusha katikati ya neva bila kugusa kingo zake, Huxley akitumia vioo vidogo ili aone pande mbili kwa wakati mmoja. Kugusa ukingo ni kuua. Walifika. Wakaona volti ya mpigo inapita sifuri na kuwa chanya, jambo ambalo nadharia ya wakati huo haikulitegemea. Wiki chache baadaye vita vikuu vikaanza. Wakatuma barua fupi kwa jarida la Nature na kutawanyika kwenda kwenye kazi za kijeshi.

Waliporudi baada ya vita walifanya kazi hadi mwaka 1952, walipotoa mfululizo wa makala tano. Katika ile ya mwisho waliandika hesabu za jinsi milango ya sodiamu na potasiamu inavyofunguka na kufunga. Kompyuta ya chuo haikuwa tayari kutumika, kwa hiyo Huxley alikaa na mashine ya Brunsviga, ile ya kuzungusha kwa mkono, akapiga hesabu hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Hesabu ikatoa kasi ya mpigo ya mita 18.8 kwa sekunde. Neva yenyewe ya ngisi ilipopimwa ilikuwa 21.2. Fikiria: mtu amepima vipande vidogo vya jambo, akavipachika kwenye mlinganyo, akazungusha mkono wa mashine, na kutoka upande wa pili ukatokea mpigo wa neva wenye umbo na kasi inayokaribia ya kweli. Tuzo ya Nobel ya 1963 waliistahili kwa hilo, lakini mimi hupenda zaidi kuwaza lile bega la kulia la Huxley.

Ufundi huu una vifaa vyake na una adabu zake. Elektrodi ya leo ni kibomba cha kioo ambacho fundi hukitengeneza mwenyewe asubuhi. Anashika kijiti cha kioo chenye tundu, anakipitisha kwenye koili ya waya, waya unapata moto, kioo kinalegea, mashine inakivuta, kinakatika vipande viwili. Kila kipande kina ncha ambayo tundu lake liko chini ya maikromita moja. Unywele wa kichwani ni takriban maikromita 70. Anajaza maji ya chumvi kwa sindano nyembamba, anakipigapiga kwa ukucha kitoe mapovu, maana povu moja likikwama nchani kazi yote imeharibika. Ndani anaingiza waya wa fedha uliopakwa kloridi. Halafu anakishusha kwenye seli kwa skrubu zinazokwenda kwa maikromita, jicho kwenye hadubini, juu ya meza nzito inayoelea kwenye hewa ili hata lori likipita barabarani ncha isitikisike.

Baada ya hapo huanza vita na kelele. Umeme wa ukutani hupiga mara 50 kwa sekunde, na kila taa, kila feni, kila chaja ya simu hutangaza mpigo huo chumbani. Mpigo wa neva ni mdogo, huzama humo ukapotea. Kwa hiyo fundi huzungushia kifaa chake tundu la waya, huunganisha kila chuma na ardhi, huzima taa moja moja akisikiliza ni ipi iliyokuwa inaunguruma. Wapo waliotumia siku nzima kumsaka mkosaji, wakamkuta ni waya wa spika yenyewe. (Kwa mara moja katika maisha, kukatika kwa umeme ni neema: amplifaya ikiwa ya betri, dakika ambayo mtaa mzima unalalamika ndiyo dakika ambayo neva husikika vizuri kuliko zote.)

Nimesema husikika, na ndivyo ilivyo hasa. Tangu enzi za Edgar Adrian wa Cambridge, miaka ya 1920, wasikilizaji wa neva wameunganisha vifaa vyao na spika. Adrian alikuwa amefunga elektrodi kwenye neva ya jicho la chura, chumba kikiwa karibu giza, akawa anasikia mlio kwenye spika kila anapotembea. Ikamchukua muda kuelewa kwamba jicho la chura lilikuwa linamwona yeye, na kwamba alichokuwa anakisikia ni habari ya umbo lake mwenyewe likipita mbele ya chura. Milio ile ni ya kukatika: tak, tak-tak, tak. Kichocheo kikizidi, mipigo haiwi mikubwa zaidi, huja karibukaribu zaidi. Neva haina sauti ya juu wala ya chini. Ina haraka na pole tu.

Kilele cha ufundi huu, kwangu mimi, ni cha Erwin Neher na Bert Sakmann wa Göttingen. Mwaka 1976 walionyesha kwamba unaweza kuegemeza ncha ya kibomba juu ya utando bila kuutoboa na kuupima mlango mmoja, mmoja tu, ukifunguka na kufunga. Miaka michache baadaye wakaona kwamba ukifyonza kidogo kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, utando hushikamana na kioo kwa nguvu isiyotarajiwa, na kelele zote hunyamaza. Vifaa vya bei ya gari, na hatua ya mwisho ni mtu kufyonza mpira kwa midomo yake. Walipewa Nobel mwaka 1991.

Sasa turudi kwenye chandarua, kwa njia ya shambani. Kabla ya dawa za maabara kulikuwa na pareto, ua jeupe linalolimwa kwenye nyanda za juu za Kenya, na kwetu Iringa na Mbeya. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo. Unga wa pareto huangusha wadudu mara moja, lakini huharibika haraka kwenye jua. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza pemethrini, ndugu wa pareto aliyetengenezwa kwa mikono na asiyeogopa mwanga. Kutoka kwenye ukoo huo, uitwao pairethroidi, zilitoka dawa zilizopakwa kwenye vyandarua vilivyolaza watoto wa Afrika kwa miaka mingi.

Dawa hizo zinafanya nini ndani ya mdudu? Jibu alilipata Toshio Narahashi, Mjapani aliyekuwa akisomea na kufundisha Chuo Kikuu cha Tokyo miaka ya 1950, na mwalimu wake mkuu, ukiniuliza mimi, alikuwa mende. Mende ana neva nene zinazopita tumboni kutoka mkiani. Vinyweleo vya mkiani vikihisi upepo mdogo, neva hizo hupiga, na ndiyo sababu huwa ameshakimbia kabla kandambili haijatua. Narahashi alizitoa neva hizo, akaziogesha kwenye dawa ya wadudu ya DDT, baadaye kwenye ndugu za pareto, akasikiliza. Neva iliyopaswa kupiga mara moja na kunyamaza haikunyamaza. Mlango wa sodiamu ulifunguka kama kawaida ila ukakawia kufunga. Ukivuja hivyo, mpigo mmoja huzaa wa pili na wa tatu. Mdudu hutetemeka miguu, huanguka chali, hupooza. Mwaka 1964, akiwa Marekani, Narahashi na wenzake walionyesha pia, kwa neva ya kambakoche, kwamba sumu ya bunju huuziba mlango huohuo. Watu wa pwani wanaojua kwa nini bunju hapikwi ovyo walikuwa wanajua habari za mlango wa sodiamu kwa njia ya msiba.

Mtu wa haraka angeuliza mwaka 1958: huyu bwana anasikiliza mende ili iweje? Swali hilo huulizwa hata leo kwenye kamati za kugawa fedha za utafiti, na huulizwa kwa sauti ya kuonyesha busara. Naona ni swali la hasara. Mende wa Tokyo na ngisi wa Plymouth ndio waliotufundisha kusoma kilichotokea baadaye kwa mbu.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 1951 nzi wa nyumbani walikwisha kuonekana wakisimama imara mbele ya DDT. Katikati ya miaka ya 1990 jeni ya mlango wao wa sodiamu ikasomwa, kosa likapatikana: asidi amino moja, namba 1014, kati ya kama 2,000 zinazounda mlango, imebadilika. Dawa haipati tena pa kushika. Mwaka 1998 badiliko la pahali hapohapo likapatikana kwa mbu wa Afrika Magharibi, na mwaka 2000 kwa mbu wa Kenya magharibi, huku upande wetu wa Ziwa. Kwa mbu wa Kenya, TTA ilikuwa imekuwa TCA. Herufi moja. Namba 1014 yenyewe, kwa taarifa, ni hesabu ya nzi. Kwa mbu nafasi hiyo ni ya 995, lakini wataalamu wengi wa mbu wameendelea kuitumia namba ya nzi.

Wilayani Misungwi wanaobeba malaria zaidi ni mbu wa aina ya funestus, na hao walichagua njia nyingine: wana vimeng'enya vingi vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Usugu hupimwa kwa kazi ya mkono isiyo na fahari yoyote. Mbu jike wapatao 25, wa siku chache, ambao hawajala damu, huingizwa kwenye mrija wa plastiki wenye karatasi iliyopakwa dawa. Dakika 60. Unahesabu walioanguka. Unawahamishia mrija safi, unawapa maji ya sukari kwenye pamba, unasubiri saa 24, unahesabu waliokufa. Wakifa chini ya 90 kwa 100, mbu hao ni sugu. Kumhamisha mbu mmoja bila kumvunja mguu, kwa kumvuta na pumzi kupitia mpira mwembamba, ni kazi ya pumzi ileile ya Göttingen, na nawasifu wanaoifanya sawasawa na nilivyowasifu wenye Nobel.

Vile vyandarua vya aina nne, basi, vilikuwa majibu manne kwa swali moja. Cha kwanza kilikuwa na pairethroidi peke yake, ndicho cha kulinganishia. Cha pili kiliongezewa PBO, inayovizuia vile vimeng'enya. Cha tatu, pairiproksifeni, inayoharibu uzazi wa mbu. Cha nne, klofenapiri, na hapa ndipo penye ujanja unaonifurahisha. Klofenapiri haigusi milango ya neva. Inavuruga mitokondria, jiko la nishati la seli, hadi mbu anaishiwa nguvu za kuruka. Tena inapoingia mwilini bado haijawa kali. Vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo huigeuza kuwa sumu. Silaha aliyojitengenezea mbu dhidi ya pareto ndiyo inayommaliza. Baada ya miaka miwili, watoto waliokutwa na vimelea kwenye maeneo ya chandarua cha kawaida walikuwa kama 46 kwa kila 100. Kwenye maeneo ya klofenapiri walikuwa kama 26.

Ishirini na sita bado ni wengi, na nasema hivyo ili sifa zangu zisigeuke ngonjera. Lakini angalia kilichowezekana kwa sababu kulikuwa na watu wanaojua kwa undani wanapambana na nini. Ukijua kwamba mlango wa sodiamu umeshazoewa, unatafuta mahali pengine pa kugonga.

Kuna upande wa jambo hili usiopendeza. Malaria ikipanda kwenye ubongo wa mtoto, huja degedege. Zamani wengine walisema ni shetani, wengine ndege apitaye juu ya nyumba usiku. Ni seli za neva za ubongo zikipiga zote kwa pamoja, bila zamu. Dawa ya diazepamu anayopewa mtoto hospitalini huiimarisha milango ya kloridi, ile ya kutuliza, ili mipigo ipungue. Mtoto kwenye mikono ya mama yake na mbu aliyeanguka chini ya chandarua wanatetemeka kwa umeme wa namna moja, wenye milango iliyo ndugu. Milango yetu haishikwi kirahisi na dawa ya chandarua, miili yetu ni mikubwa na ya joto, na ini letu huivunja upesi. Hiyo ndiyo sababu tunalala chini yake salama. Nimejaribu kuuona undugu huo kuwa jambo zuri, nimeshindwa. Naukubali tu.

Wala Misungwi isidhani kwamba mchango wake kwenye ufundi huu ni mbu peke yao. Kwenye Ziwa hilihili yumo domodomo, samaki mwenye mdomo mrefu ulioinama, anayetafuta wadudu kwenye tope usiku. Domodomo ana kiungo cha umeme kwenye shina la mkia, kilichotokana na misuli, na hutoa mipigo midogo mfululizo ambayo mvuvi hawezi kuihisi kwa mkono. Kwa mipigo hiyo huona gizani: kitu chochote kilicho karibu hupotosha uga wa umeme unaomzunguka, naye huusoma upotofu huo kwa ngozi. Hans Lissmann wa Cambridge ndiye aliyeitangazia dunia, mwaka 1951, kwamba wapo samaki wa Afrika wanaotoa umeme dhaifu bila kukoma; alimtumia samaki mwingine, gimnako wa mito ya Afrika. Jinja, ng'ambo ya Ziwa, John Okedi alichunguza maisha ya ukoo wa domodomo miaka ya 1960. Nyavu za kwenye midomo ya mito, ambako domodomo hupanda kuzaa, na ujio wa sangara, zimempunguza sana. Bado yupo, na kwa mwanafunzi mwenye ndoo ya maji, nyaya mbili na amplifaya, huyu ni maabara kamili ya umeme wa neva, anayeogelea nusu saa kutoka darasani. Waingereza walisafiri hadi pwani kwa ajili ya ngisi.

Ufundi huu haujakataa kufika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 asasi ya TReND in Africa ilianza kufundisha elimu ya neva kwa kutumia inzi wa matunda katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, huko Uganda magharibi, kwa wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2024 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walitangaza kwamba mbu wa funestus wa Morogoro nao wamebadilisha mlango wao wa sodiamu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwa aina hiyo. Badiliko hilo lilihusiana na usugu dhidi ya DDT. Limeonekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakitazama mahali hapo hasa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa baiolojia na fizikia wa sekondari za Misungwi, Usagara na Kigongo. Hamhitaji hadubini ya mamilioni. Chukueni mende mkubwa, mzamisheni kwenye maji ya barafu hadi apoe kabisa, mkateni mguu mmoja wa nyuma; kwa mende mchanga mguu huota tena. Chomeni pini mbili nyembamba kwenye mguu huo, moja juu, moja karibu na mwisho. Pini ziende kwenye amplifaya ndogo ya betri, amplifaya kwenye spika. Michoro ya saketi inapatikana bure, na kampuni ya Backyard Brains ya Marekani imeitumia kwa miaka kufundishia watoto. Zimeni feni na simu zote. Kisha mwanafunzi mmoja aguse kwa ncha ya kijiti miiba midogo ya mguuni, polepole, halafu kwa haraka, na darasa zima lisikilize. Msimweleze mtu yeyote kitu kabla hajasikia. Mkishamaliza, waambieni kwamba dawa iliyo kwenye vyandarua vyao nyumbani ilifahamika kwa kazi kama hiyo, na kwamba NIMR Mwanza, isiyo mbali na hapo, inahitaji watu wanaoijua.